Jinsi Eunice Alivyoingurumisha Simu

Njooni, enyi watu wa Tarime, nanyi mnaochunga Mbalibali na kulima Kenyamonta. Tueni majembe, mwacheni ng'ombe anywe peke yake, msikie vita alivyopigana Eunice binti Heche, fundi cherehani, mtiisha vitambaa, mchana wa Jumamosi, sebuleni kwake.

Mumewe, mzee Matiko, macho yalikuwa yamemfifia, na masikio nayo yakaanza kuyafuata. Asubuhi ile aliuliza saa mara tatu, kisha akanyamaza, naye Eunice akaelewa: mzee amechoka kuuliza. Binti yao Rhobi alikuwa ametuma kutoka Mwanza simu yenye msaidizi anayejibu kwa sauti. Lakini sauti yenyewe! Mbu aliyefungiwa chupani ana kishindo zaidi.

"Baba Rhobi," akanena Eunice, amesimama mbele ya sabufa yao ya zamani, spika zake mbili kama mafahali waliolala, "leo jua halitui kabla simu hii haijanguruma humu ndani!"

"Ngurumisha, mama Rhobi. Ila usiniunguzie sabufa."

Akavaa miwani kama avaaye chapeo. Akawasha bluutuu, akagusa jina la kwanza lililojitokeza, simu ikakubali, naye akapaaza sauti: "Saa ngapi sasa?" Sabufa kimya. Bali ng'ambo ya ua, kwenye bucha ya jirani yao Amos, ikalipuka sauti ya mwanamke iliyotikisa mabati: "SAMAHANI, SIJAKUELEWA."

Amos akaja mbio, panga la nyama mkononi. "Shikamoo, mama! Kuna mwanamke ndani ya spika yangu anaomba msamaha, na wateja wananitazama kana kwamba namjua!"

"Marahaba, mwanangu. Ni wangu huyo. Kapotea njia."

Amos alicheka mpaka akaketi. Kisha akaikagua sabufa, akatoa hukumu: hii ni ya kizamani, haina bluutuu, inataka waya. Akaenda kumletea wa kwake.

Eunice akazima bluutuu, akachomeka ncha moja kwenye sabufa, ya pili kwenye simu. Ukatoka mkoromo kama nyuki wa msitu mzima. Akausukuma waya, ukagoma. Akaupangusa, ukagoma. Jasho likamtiririka, na hofu ikambishia hodi: nikishindwa, nitamwambia nini huyu aliyekaa wima akisubiri? Hapo vidole vyake, vilivyozoea kuhisi uzi ukikwama kabla jicho halijaona, vikatambua hila ya adui. Kava nene la simu liliizuia ncha isizame! Akalichuna kama ngozi ya mbuzi. Akasukuma. Tk!

"Uliza mwenyewe, baba Rhobi."

Mzee akakohoa. "Ewe uliye humo ndani. Leo Tarime mvua itanyesha?"

Madirisha yakatetemeka. "NDIYO. MVUA INATARAJIWA SAA KUMI JIONI."

Matiko akainuka, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akaita kwa sauti ambayo mtaa haukuwa umeisikia tangu macho yamfifie, miezi minane: "Anueni mahindi mliyoanika nje! Mvua inakuja saa kumi!"

Mtaa mzima ukayakimbilia maturubai. Mvua ilichelewa kidogo, ikafika saa kumi na moja kasoro, na historia imeisamehe. Basi na iandikwe, wajukuu wasome: siku hiyo Eunice binti Heche, kwa waya wa kuazima, aliiteka sabufa, na hakuna punje ya mtaa ule iliyolowa.