Mlango wa Abiria

Jumamosi, 3 Mei

Wiki tatu kamili za ndoa. Na leo tumepata gari!

Ni dogo, la milango mitano ukihesabu ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko. Rangi yake ni kijivu. Mimi huchanganya rangi dukani kila siku, vijivu vyote navijua kwa namba, lakini hiki sijawahi kukiona. Nadhani jua ndilo lililokichanganya. Umri wake ni wa mke wangu kasoro miaka minne. Nimemwambia hivyo kama sifa. Ameipokea kama sifa. Nampenda mno!

Mwalimu mstaafu aliyetuuzia alinivuta pembeni. Akaninong'oneza kuwa mlango wa abiria una haya kidogo: kwa nje unafunguka vizuri, kwa ndani haufunguki kabisa. Nikamwambia hilo dogo, nitalishughulikia. Mke wangu hakusikia. Alikuwa amekumbatia boneti.

Tulipofika nyumbani nilikumbuka habari ya mlango kabla hajaugusa. Nikaruka nje, nikazunguka mbio, nikamfungulia. Alibaki ameketi, mkono kifuani. Akasema hajawahi kufunguliwa mlango wa gari na mtu yeyote tangu azaliwe. Akasema kwao walimwambia anaolewa na mzembe, basi sasa mama yake ataona.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ikapita.

Gari amelipa jina: Kifungua Mimba.

Jumatatu, 5 Mei

Nimempeleka kazini kwa mara ya kwanza. Yeye hupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Asubuhi watu hupanga foleni nje, kila mmoja kashika shavu lake. Nikasimama mbele yao. Nikashuka, nikazunguka, nikafungua. Hatua tisa kwa kupitia mbele. Saba kwa kupitia nyuma. Kuanzia kesho ni nyuma.

Mke wangu akashuka kama malkia. Mama mmoja mwenye uvimbe alimgeukia mumewe akamuuliza, kwa taabu, je, ameona? Ameona wenzake?

Mpango wangu ni mmoja: asikiguse kile kitasa. Kwa hiyo nampakatisha mkoba, juu ya mkoba mwavuli, juu ya mwavuli chakula chake cha mchana. Mikono yake haina nafasi. Anasema namdekeza.

Redio inashika stesheni moja tu, ya kilimo. Tumesikiliza magonjwa ya nyanya tumeshikana mikono, isipokuwa wakati wa kubadili gia. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii.

Jumatano, 7 Mei

Tatizo. Mke wangu kamsimulia dada yake.

Dada yake kaolewa na mwanyumba wangu, maana yeye kaoa mkubwa, mimi nikaoa mdogo. Ni meneja wa ghala. Ana gari jipya refu kama korido, viti vyake vinapasha moto. Siku ya harusi yetu aliniuliza kama bibi harusi nitamsafirisha kwa toroli la rangi. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeoa.

Sasa dada mtu hashuki mpaka afunguliwe! Jana mwanyumba alijaribu kukaidi. Wakakaa ndani ya gari nje ya duka la nguo, yeye kanuna, mkewe kanuna, mpaka duka likafungwa. Akasalimu amri. Mwanyumba ana goti bovu, na kulizunguka gari lile ni safari.

Nimecheka peke yangu kazini hadi nikakosea ndoo. Mteja aliyetaka krimu kaondoka na waridi.

Alhamisi, 8 Mei

Mwanyumba kanipigia simu. Gari lake liko sevisi, nimpitie ghalani nimpeleke kwake. Nilipofika alilizunguka Kifungua Mimba mara mbili, akaniuliza ndani ya hili kopo kuna dagaa wangapi. Nikamwambia leo anaongezeka mmoja, apande.

Jibu zuri. Nilijipongeza njia nzima. Kwa kujipongeza nikasahau.

Tulipofika kwake akavuta kitasa. Akavuta tena. Akanitazama. Nikatazama barabara. Kisha nikashuka, nikazunguka hatua zangu saba, nikamfungulia mlango mwanamume mzima mwenye kitambi mbele ya majirani zake wote.

Alicheka mpaka akashika nguzo ya umeme. Halafu akaacha ghafla. Nadhani goti ndilo lililomkumbusha. Akasema kumbe! Yaani yeye anazunguka gari kama mlinzi wa benki, siku mbili sasa, kwa sababu kitasa cha mtu mwingine kimekufa?

Akatoa masharti. Niache kumfungulia mke wangu mara moja, ili na mkewe aache kuiga. Nisipoacha, Jumapili kwa mama mkwe atasema kila kitu, mbele ya wote, baada ya chakula.

Nisipomfungulia, mke wangu atabaki ndani ya gari. Nikimfungulia, nitaumbuliwa, na mama mkwe atakuwa amesema kweli kuhusu uzembe wangu. Nimewaza mpaka chai imepoa. Mke wangu kaniuliza nawaza nini. Nikasema namuwaza yeye. Haukuwa uongo.

Jumamosi, 10 Mei

Akili ninayo, bwana! Asubuhi nimelipeleka gari kwa fundi. Alivua kava la mlango, akaingiza mkono hadi kwapani kama daktari wa ng'ombe, akapapasa, akakuta kijiti cha waya kilichochomoka, akakirudisha mahali pake. Dakika nne. Akaniuliza nimekaa na mlango hivi muda gani. Nikamwambia umeharibika leo.

Mpango sasa hauna kasoro. Mlango unafunguka kwa ndani. Naacha kumfungulia, kidogo kidogo, naye anaanza kujifungulia mwenyewe, kidogo kidogo. Mwanyumba anafunga mdomo. Hakuna atakayejua kitu.

Jioni tulipitia dukani kununua mkate. Nikashuka. Sikuzunguka. Nikaingia dukani. Nilipochungulia alikuwa bado ameketi, mkoba mapajani, anatabasamu kuelekea upande ninaotokea siku zote. Nikanunua mkate. Nikasoma maandishi ya pakiti ya sabuni, mbele na nyuma. Nikachungulia tena. Bado anatabasamu, ila kwa shida.

Niliporudi aliniuliza kwa sauti ndogo kama kuna kitu nimesahau. Nikasema hapana, mkate huu hapa.

Akaupakata mkate, akageukia dirisha. Redio ilieleza habari za minyoo ya mbuzi. Nyumbani niliingia ndani moja kwa moja, nikajibanza nyuma ya pazia. Fungua, mpenzi wangu, nikawa namwomba kimoyomoyo. Vuta tu. Kitasa ni kizima!

Hakuvuta. Jirani yetu kapera, yule anayefua soksi jozi moja moja, alitoka na beseni lake. Akaliweka chini. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akaenda kumfungulia.

Mke wangu alimwambia ahsante sana kwa sauti ambayo nilidhani ni yangu peke yangu.

Jumapili, 11 Mei

Nilidhani nakwenda kula. Kumbe nakwenda kikaoni.

Mama mkwe katikati ya kochi. Dada mtu kulia kwake. Mke wangu kushoto, na leso. Mwanyumba kwenye kiti cha pembeni, uso umemng'aa kama mtu aliyewahi kiti kizuri uwanjani. Mama mkwe alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa. Akasema, mkwe wangu, ndoa haijamaliza mwezi. Binti yangu kakukosea nini mpaka umwache garini kama tairi la akiba?

Nikaona nijisemee mwenyewe kabla sijasemewa. Nikaeleza yote: kitasa, mwalimu, hatua saba, fundi. Mwanyumba, ili amalize kazi, akasimama akaapa kuwa ni kweli tupu. Yeye mwenyewe alikwama mle ndani Alhamisi.

Dada mtu akaguna. Akamuuliza mumewe tangu lini amekubaliana na mimi juu ya jambo lolote, hata juu ya saa ngapi. Akasema ahaa, kumbe Alhamisi mlikutana! Wanaume wawili wazima wamekaa wakashona uongo, ili mradi wasinyanyue makalio yao kwenye viti.

Mama mkwe akaomba aonyeshwe huo mlango. Tukatoka wote. Akaketi kwenye kiti cha abiria, akafunga, akavuta kitasa kwa kidole kimoja. Ukafunguka kama kabati. Akafunga, akafungua. Mara tatu. Akasema tusilisingizie gari.

Nikasema fundi alitengeneza jana. Mwanyumba akasema ndiyo, bila shaka alitengeneza jana. Mkewe akamwambia wewe nyamaza, ulikuwepo? Anatetea goti lake tu huyu.

Hukumu: tutafungua milango, mimi na yeye, kuanzia saa ile ile. Mwanyumba akaanza safari ya kulizunguka gari lake bila kuniaga.

Njiani mke wangu alizima redio. Akanigeukia. Akaniuliza, sisi wawili tu, kama ile habari ya kitasa ilikuwa kweli. Alikuwa kashika mkono wangu, wakati mimi nahitaji gia ya tatu. Kope zake zilikuwa bado zimelowa. Nilijua nikisema ndiyo atanisamehe papo hapo. Lakini zile asubuhi zote za kliniki, alizomsimulia kila mtu, zingegeuka kuwa asubuhi za kijiti cha waya.

Nikasema nilitunga. Nilikuwa naona aibu kupenda kiasi hiki mbele za watu.

Akalia upya, kilio kile kizuri. Tulikwenda na gia ya pili hadi nyumbani. Nilishuka, nikazunguka, nikamfungulia, nikimtazama kapera machoni.

Jumatano, 14 Mei

Siku tatu za raha tupu! Namfungulia kwa hiari yangu, na mlango ni mzima. Sina siri hata moja, ukiondoa ile kubwa. Nimeapa: sitamficha tena mke wangu kitu chochote kinachohusu gari hili.

Leo asubuhi nje ya kliniki nilitaka kushuka, mlango wangu mimi ukagoma. Nikasukuma kwa bega. Wapi! Mashavu yote ya foleni yananitazama. Mke wangu ananitazama, kakaa anasubiri. Ningeweza kumwambia. Fundi yuko mtaa wa pili, na kazi yenyewe labda ni ya dakika nne.

Nikamwambia mpenzi, leo nataka nipokewe na mikono yako.

Alishika kifua! Akajifungulia mwenyewe, akazunguka mbio, akanifungulia, na foleni nzima ikasema aaah, hata wale wasioweza kufumbua midomo. Akasema kwa nini hakuliwaza hili mapema. Akasema hiki kitakuwa kitu chetu sisi. Keshampigia dada yake.

Na Jumapili, tukifika kwa mama, atanifungulia mbele ya kikao chote, mimi nimekaa. Nimemwambia azunguke polepole, ili mama aone vizuri.