Mkurugenzi Asiyebisha Hodi

Ukoo wetu umetoa maprofesa, mahakimu na daktari mmoja wa macho, lakini hakuna aliyewahi kujiita Mkurugenzi mbele ya mama yake mzazi isipokuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

Alikuwa mkuu wa TEHAMA katika kampasi moja kati ya nne za chuo kikuu. Kazi yake ni kuhakikisha kompyuta zinafunguka na barua pepe zinafika. Ila ukimsikia akiongea, ungedhani hata jua huchomoza kwa kibali chake.

"Shemeji," aliniambia siku moja, akichovya mkate wangu katika chai yangu, "mfumo wangu haulali. Mtu akiondoka chuoni, awe amestaafu, amefukuzwa au amefariki, jioni ileile akaunti yake imefungwa. Hata nzi hapenyi."

Nilikuwa na neno la kusema hapo, lakini hakuacha mwanya.

Mara baraza la chuo likatangaza kwamba kampasi zote nne zitaunganishwa kwenye mfumo mmoja, chini ya mkurugenzi mkuu mmoja. Mwenyekiti wa baraza, aliyesoma na mume wangu, akawaita wakuu wanne wa TEHAMA kwenye mkutano wa mtandaoni, awaone wanavyoshirikiana, kisha achague. Agizo lake lilikuwa jepesi: wakubaliane, wamtumie kiungo kimoja.

Akatumiwa viungo vinne.

Shemeji alinieleza sababu kwa uzito wa mtu anayefafanua katiba. "Ukiingia kwenye kiungo cha mwenzako, umekwenda kwake. Umebisha hodi, umesubiri akufungulie. Sasa hapo mkubwa ni nani? Mimi sibishi hodi kwa mtu."

"Na wenzako?"

"Watakuja tu. Watakwenda wapi?"

Siku ya mkutano alihamia sebuleni kwangu, kwa sababu ukuta wangu una vitabu vya marehemu, na kwake nyuma ya kiti kuna friji.

"Vitabu vinampa mtu heshima," alisema.

"Aliyevisoma," nikamjibu.

Nilimkagua mlangoni kuanzia tai hadi viatu, maana nimesikia habari za wakubwa wanaovaa koti juu na kaptula chini, na jina la ukoo huu halitachekwa kutokea kwenye kochi langu. Suruali alikuwa nayo. Kasoro yake ilikuwa juu zaidi.

Akafungua kompyuta, akajiona, akajipenda, akasubiri. Hakuna aliyekuja. Tulijua baadaye kwamba katika kampasi nyingine wenzake watatu nao walikuwa wameketi mbele ya sura zao wenyewe, kila mmoja akinung'unika kwamba wengine wamechelewa makusudi.

Simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti.

"Huko kwako mmefika wangapi?"

"Watu ndio wanaingia, mzee. Hapa tuko kama watatu."

Akakata simu. Akaiegemeza simu ileile kwenye chombo changu cha maua, akajiunga nayo, na kwenye kioo cha kompyuta akatokea Mkurugenzi wa pili. Kisha akanyakua kishikwambi kilichokuwa mezani, akabonyeza haraka haraka, akanisukumia.

"Shemeji, nisitiri. Kaa pale kwenye kochi, tazama kamera basi."

"Nikae kama nani?"

"Kama mtu."

"Hiki ni cha kaka yako."

"Si cha ukoo? Kaa, shemeji, kaa."

Mashine tatu ndani ya chumba kimoja zikaanza kusikilizana, na sebule nzima ikapiga yowe. Alikuwa bado anahangaika kuzima sauti moja baada ya nyingine mwenyekiti alipoingia.

Mzee yule alitutazama. Macho yake yalihama kutoka kisanduku kimoja hadi kingine.

"Mkurugenzi, nakuona kwenye kompyuta."

"Naam, mzee."

"Na hapa nakuona tena, umejaa pua."

"Hiyo ni ya akiba, mzee. Umeme ukikatika."

"Na huyu wa tatu?"

"Mwenzetu wa kampasi ya... ile ya pembeni."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, mwenyekiti," nikamjibu, baada ya kuiwasha sauti mwenyewe.

"Nafurahi kukuona. Lakini chini ya picha yako pameandikwa jina la marehemu."

Kweli. Jina lake kamili lilikuwa pale, pamoja na uprofesa wake, kama alivyoliandika kwa mkono wake. Shemeji aligeuka, akalisoma.

"Hiyo akaunti ni ya zamani, mzee. Ilishafungwa."

Ningeweza kunyamaza kwa ajili ya ukoo. Lakini ukoo ni pamoja na aliyelala kaburini, na jina lake halikujengwa ili lije kujaza viti vya mdogo wake.

"Haijafungwa," nikasema. "Mume wangu tulimzika mwaka juzi, na wiki iliyopita mfumo umemwandikia abadilishe neno la siri."

"Amebadilisha?" akauliza mwenyekiti.

"Hajajibu."

Mzee alijikohoza kuficha kicheko. "Nimepita kwa wenzako wote," alimwambia shemeji. "Kila mmoja nimemkuta peke yake, akijitazama. Wewe angalau umeniletea watu watatu. Ila wa kwanza ni wewe, wa pili ni wewe, na wa tatu anatumia jina la marehemu. Ninyi wanne, aliyewafundisha kompyuta darasani ni nani?"

Shemeji akaelekeza kidevu kwenye vitabu vya kaka yake.

"Yupo kati yenu atakayeona aibu kwenda kwake?"

Hakuwapo. Nilifungua chumba cha mkutano kwa kile kishikwambi, kwa jina la marehemu, mwenyekiti akawatumia wale watatu kiungo, na kabla sijakaa vizuri walikuwa wameingia. "Shikamoo, mama," mmoja baada ya mwingine, wapole kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Cheo cha mkurugenzi mkuu hakijapata mtu mpaka leo. Shemeji amepewa kazi ya kufunga akaunti za wote walioondoka, na anashinda ofisini akizika watu kwa mara ya pili. Moja tu, ile ya kaka yake, ameamriwa asiiguse, kwa sababu ndimo kampasi zote nne zinamokutana kila Jumatatu.

Yeye hufika wa kwanza. Kioo huniandikia: Mkurugenzi anaomba kuingia. Mimi na marehemu humwacha hapo nje kidogo, mpaka chai iishe.