Kiingereza cha Karanga, Kiingereza cha Korosho

Gazeti lilifika kijiweni likiwa limeshasomwa na watu watano na kufungiwa nyama mara moja, lakini habari zake zilikuwa bado mbichi. Hamis Transista, mwenye birika la kahawa, aliyepewa jina hilo kwa kuwa habari zake hazizimiki hata betri zikiisha, alilikunjua juu ya benchi la Mtaa wa Sikukuu na kuanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji.

"Ukurasa wa tatu, na picha yake: Meneja wa shirika awataka wafanyakazi waachane na lugha ya mkoloni, wakienzi Kiswahili. Makofi!"

"Tumepiga," alisema Mzee Zahoro, mikono yake ikiwa imetulia kwenye kikombe.

"Ukurasa wa saba. Shirika lile lile, meneja yule yule. Anatakiwa karani wa ghala. Awe mzalendo, mwadilifu, na mwenye Kiingereza kizito."

Benchi zima likaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa Vitalis peke yake, ambaye pale kijiweni aliitwa Kimombo. Tangazo lile alikuwa amelikariri wiki tatu zilizopita, lilipotoka mara ya kwanza. Barua ya kuitwa usaili, Jumatatu saa nne, huko Posta, ilikuwa ndani ya soksi yake, imekunjwa mara nne, na kijiwe kizima kilishaisikia.

Kijana huyu alitoka kusini, na kwa miaka minne alikuwa akibeba magunia ya watu sokoni Kariakoo bila kitambulisho cha kazi. Mwaka ule ulikuwa wa Nguvu Kazi, msako wa serikali dhidi ya wazururaji: asiye na kitambulisho alipandishwa lori akalime. Na aliyeandika majina ya mtaa wao hakuwa mwingine ila Mzee Zahoro, balozi wa nyumba kumi, ndiyo maana wakamwita Nyumba Kumi.

"Shikamoo, mzee," alisema Vitalis.

"Si nilikuitikia asubuhi?"

"Naweka akiba."

"Marahaba. Lakini akiba hiyo haitakusaidia. Jumanne napeleka orodha ya wasio na kazi. Ukikosa kile kiti nakuandika, mwanangu. Tena kwa Kiswahili fasaha."

"Penseli yako itaota kutu. Kazi ile yangu. Mimi Kiingereza nimekila miezi kumi na moja!"

Hakuwa anatania. Mektilda, muuza karanga wa mwisho wa benchi, alikuwa na kamusi nene isiyo na jalada, aliyoinunua kwa kilo. Aliichana karatasi moja moja akafungia biashara yake. Kila jioni Vitalis alinunua kifungu, akatafuna karanga, kisha akakariri karatasi, mafuta na chumvi yake juu. Zote alizihifadhi kifuani, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Basi tumsaili hapa hapa," alisema Transista. "Mzee ni mwenyekiti wa jopo, mimi katibu. Mektilda ni wananchi."

"Wananchi wanafanya biashara," alijibu Mektilda. "Msiwazibie wateja."

Nyumba Kumi akapokea bunda la karatasi, akavaa miwani, akachomoa moja. "Ndugu msailiwa. *Abstemious*," alitamka, kama anayemeza dawa ya malaria.

"Mtu anayejinyima chakula na pombe."

"Huyo hajinyimi," alidakia Transista. "Ananyimwa na duka la ushirika."

"*Gregarious*."

"Anayependa kukaa na kundi lake."

"Astaghafirullahi!" alimaka mzee. "Kumbe uzururaji una jina tamu hivyo?"

Akachomoa nyingine. "*Indolent*."

"Mvivu."

Macho yote yakamgeukia Transista.

"Mnaniangalia mimi? Mimi niliyeanza kumimina tangu alfajiri?"

"*Loquacious*," aliendelea mzee.

"Mwenye maneno mengi."

"Hilo likachongwe kwenye birika," alisema Mektilda.

Vitalis alikuwa amevimba kama andazi. Nyumba Kumi akapekua bunda mpaka chini, akarudi juu, akapekua tena. "Mbona zimeishia L? M iko wapi?"

"L ndiyo mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa Kiingereza kigumu," alisema Vitalis, kidevu juu, ingawa jasho lilianza kumtoka. "Yaliyobaki ni makombo."

Mektilda alicheka mpaka akashika mbavu. "Makombo! Kamusi ile ilikatika mgongo, baba. Nusu ya kwanza nafungia karanga. Nusu ya pili nafungia korosho. Wewe korosho umenunua lini?"

Vitalis alihisi kama gunia limemdondokea shingoni. Mama yake alikuwa kusini, vidole vyeusi kwa kubangua korosho. "Korosho zinatoka kwetu!" alifoka.

"Zinatoka kwenu, lakini haziwarudii," alisema Transista.

"Niuzie karatasi bila korosho, Mektilda. Nitakesha nazo mpaka Jumatatu."

"Zimebaki chache, nazo zina mwenyewe. Bwana wa gari, ile Pijo nyeupe. Huyo nisipomfungia kwa mfuatano ananirudishia korosho. Jana kachukua mwisho wa S, leo anaanza T."

Mtaje, huyu hapa. Pijo nyeupe ikasimama ukingoni, namba za SU, za shirika la umma, na bwana mmoja wa suti ya viongozi, ya Chou En-lai, akashuka, tumbo likimtangulia. Vitalis alimtambua mara moja. Sura ile ile ilikuwa benchini kando ya Transista, ukurasa wa tatu, imelowa kahawa.

"Mama, zangu tayari? Usinichanganyie herufi kama juzi."

"Ndugu Meneja!" Transista aliruka. "Karibu kahawa! Kijana huyu ni msailiwa wako wa Jumatatu!"

Meneja alishtuka, akaficha kifungu cha korosho nyuma, akajivuta suti. "Vizuri. Hebu, kijana, nieleze maana ya *sycophant*."

S. Neno la anayejikomba kwa wakubwa, ambalo Vitalis hakuwahi kulila. Aliliona lori, akaona na jembe. Lakini kiburi chake hakikuwa cha kulala njaa.

"Silijui, ndugu. Nawe nieleze *ignominy*."

Meneja akatazama juu. Akatazama kile kifungu, kana kwamba jibu lilikuwa ndani pamoja na korosho. Hata muuza maji wa jirani alisimamisha mkokoteni.

"Hiyo... iko herufi gani?"

"I, ndugu. Ya karanga. Maana yake fedheha."

Meneja akaiona picha yake gazetini, akaliona na bunda mkononi mwa balozi. Akainama karibu na sikio la Vitalis, sauti ikawa laini kama ya mposaji.

"Mdogo wangu, hayo ya mwanzo unayo yote?"

"Yote. Na chumvi yake."

"Jumatatu uje nayo."

"Na vyeti?"

"Vyeti vya nini? Wewe lete A mpaka L. Usaili tutafanya kwa Kiswahili. Ndiyo siasa yetu."

Pijo ikaondoka na T yake. Nyumba Kumi akamrudishia Vitalis bunda, akatoa orodha mfukoni, akalamba penseli, akafuta jina la Vitalis, alilokuwa ameshaliandika. Kisha akaandika jingine.

"Umemwandika nani, mzee?" aliuliza Vitalis.

"Bwana wa Pijo," alisema balozi, akikunja karatasi na kuinuka kwenda kuswali. "Miaka yote ya ubalozi wangu, sijaona mtu asiye na kazi kama yule."