Jinsi Séraphin wa Karuba Alivyoishinda Mashini ya Etiketi

Sogeeni, enyi mlio na masikio, nanyi ambao mabomu yamewaachia moja tu. Shusheni vikapu vya maharagwe, naye mama mwenye mtoto mgongoni amtikise anyamaze, maana hapa vinasimuliwa vita ambavyo hakuna redio iliyothubutu kuvitangaza!

Ilikuwa miaka ile ambayo kilima cha Karuba kilibadilisha wamiliki kama nguo ya Jumapili: jeshi hili linapanda, lile linashuka, na kila moja linakusanya watu kuwaambia limekuja kuwakomboa. Lililoshuka mwisho lilikomboa pia kompyuta ya zamani ya ushirika wa watengeneza fromaji, yaani jibini, likidhani ni televisheni. Sifa kwao! Nasikia hata leo wanangoja habari zianze.

Mumbere, mfanyabiashara wa Butembo mwenye kamio, lori la mizigo, akaleta kompyuta mpya. Mbele yake akaketi Séraphin, Katibu wa Ushirika, Chui wa Vitufe vya Klavye, Mwenye Kravati Moja ya Shingoni Isiyofuliwa. Kazi yake ilikuwa kuchapa etiketi, vile vibandiko vya jina, kwa fromaji ya Mama Adelaïde, mmoja wa watengenezaji. Bila etiketi, duka la Goma halipokei. Na barabara ilikuwa wazi siku hiyo tu. Fromaji ya msimu mzima, iliyojificha chini ya kitanda pamoja na mwenyewe wakati wa risasi, ilikuwa tayari ndani ya kamio, uchi kama Adamu.

Séraphin akatia CD. Programu ya etiketi, iliyozaliwa enzi za Windows XP, ikatazama huku na huku, ikajikuta katika milki ya Windows Saba, ikatamka kwa Kifaransa safi kwamba haipatani na utawala huu. Shujaa akazima, akawasha. Akapuliza CD. Akafanya ishara ya msalaba, kwanza juu yake mwenyewe, kisha juu ya mashini. Haipatani!

“Papa Séraphin,” akasema Mama Adelaïde, “si mulituambia hii mupya njo iko na akili kupita ya zamani?”

“Mama, vumilia! Mimi, niliyepewa cheti cha kompyuta kule Sake mbele ya wageni, sitarudi nyuma!”

“Basi songa mbele, papa. Fromaji imeanza kutoka jasho, na wewe pia.”

Honi ikalia. “Mimi naenda!” akanguruma Mumbere. “Bila etiketi, Goma watasema nimewaletea sabuni!”

Hapo moyo wa shujaa ukayeyuka kama siagi. Akamkumbuka yule mzee wa bunduki kwenye bariere ya chini, kizuizi cha barabarani, askari wa jeshi lililokimbia zamani, ambaye hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia kwamba wenzake hawapo tena. Kila apitaye humwambia, “Commandant wako anakusalimia,” na mti unainuliwa. Séraphin mwenyewe alikuwa amepita hivyo asubuhi.

“Kumbe haitaki kupigwa,” akawaza. “Inataka kudanganywa!”

Akabonyeza kitufe cha kuume cha souris, kile kipanya cha kompyuta, akalivuka bonde la Propriétés, penye sifa za programu, akakikwea kilele cha Compatibilité, penye mapatano, na huko, lo, kisanduku kidogo kama punje ya mtama, kikiuliza programu iaminishwe kwamba iko katika Windows ipi. Akatia tiki. Akachagua XP.

Programu ikaona mfalme wake angali kitini. Ikafunguka. Mashini ya kuchapa ikakohoa, ikatema karatasi: *Fromaji ya Adelaïde, Karuba.*

Mama Adelaïde akaishika kwa mikono miwili. Akasoma polepole, kwa kidole. “Iko mimi,” akasema. Kisha, ili shujaa asivimbe akapasuka: “Maharagwe yangu yameiva mbele ya wewe kumaliza, papa.”

Kamio ikashuka, fromaji yote imevishwa etiketi. Kwenye bariere Mumbere akatoa kichwa: “Afande, commandant wako anakusalimia!”

“Na mimi namusalimia. Atarudi lini?”

“Karibu tu, afande.”

Mti ukainuka.

Basi vizazi vijue: majenerali walipanda Karuba kwa mizinga, wakashuka bila kuacha hata choo, Séraphin alipanda kwa kidole kimoja, akaacha etiketi. Na ile programu hadi leo inaamini XP angali anatawala. Ukipita Karuba, nunua fromaji yako, na ufunge mdomo.