Kilobaiti Tisa Ni Nyingi Mno

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitoa! Maktaba yangu ya msimbo wa kompyuta iko mtandaoni, bure, kwa yeyote anayetaka kujenga tovuti ya kuchorea picha za miraba, nukta kwa nukta, ndani ya kivinjari. Kilobaiti tisa tu. Nyepesi kama pumzi.

Mama amewatangazia majirani kwamba najenga maktaba. Mmoja ameshaleta boksi la vitabu.

Watumiaji hadi sasa: mmoja. Shangazi, mfumaji wa sweta. Nimemjengea tovuti ya kuchorea ruwaza zake. Kila mraba ni fundo moja la uzi. Anachora ndege wa nembo ya shule. Ijumaa mwalimu mkuu anakuja kuiona. Akiipenda, sweta mia mbili ni za Shangazi. Ameniambia ananitegemea. Nimemwambia alale usingizi.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Jirani yangu wa meza ametoa maktaba kama yangu. Ofisini tunamwita Nadhifu, maana hata penseli zake amezipanga kwa urefu. Yake ni kilobaiti nane. Akasema, kwa sauti ya kunipa pole, kwamba yangu si nzito sana.

Si nzito SANA!

Nikaanza kupunguza. Nikafuta maelezo yote. Bado nane na nusu. Nikaiona sehemu ya kutendua, ile ya kurudi nyuma ukikosea. Mtu makini anaihitaji ya nini? Nikaing'oa. Saba na nusu! Nikatangaza kwa herufi kubwa.

Jumatano, 5 Machi
Shangazi kapiga simu. Amekosea mdomo wa ndege, na kitufe cha kurudi nyuma hakifanyi kazi. Tovuti yake hujichukulia toleo jipya kila asubuhi. Hilo nililisahau. Nikamwambia maendeleo yana gharama zake, atumie kifutio.

Nadhifu: kilobaiti saba. Alitaja tu, huku akichonga penseli.

Nimeondoa kifutio.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi tena. "Baba, ndege wangu ana miguu mitatu, na haufutiki wowote."

Nikamshauri apake rangi nyeupe juu ya mguu wa ziada. Akanishukuru. Namjua Shangazi, akigomba, amekusamehe. Akikushukuru, jihadhari.

Ningemrudishia kifutio, wallahi, lakini Nadhifu ametangaza sita. Sita! Nikapekua msimbo mstari kwa mstari. Kumbe sehemu ya kuhifadhi picha ni nene kama godoro. Ikaenda. Tano na nusu! Nilizunguka ofisi mara mbili bila sababu, ili anione.

Ijumaa, 7 Machi
Niliitwa kwa Shangazi. Mwalimu mkuu ameketi kwenye kochi, miwani usoni, tayari kuona ndege. Shangazi akafungua tovuti. Nyeupe. Hakuna ndege, hakuna hata unyoya. Kazi ya siku nne, fyuu.

Niliangalia viatu vyangu. Shangazi hakuniangalia kabisa. Aliomba radhi, akachukua karatasi ya hesabu yenye miraba na penseli, akamchora ndege upya palepale, miguu miwili. Mwalimu mkuu akampenda. Sweta mia mbili!

Nilifurahi kweli, machozi yakanilenga. Nikasema tumefaulu. Shangazi akauliza nani na nani. Halafu akanijulisha, kwa upole mbaya sana, kwamba ruwaza za mikono ya sweta atazichorea kwenye tovuti ya maktaba ya huyo Nadhifu ninayemtaja kila simu. Ina kutendua, ina kifutio, inahifadhi.

Nikakimbilia ofisini. Yote hayo kwa kilobaiti sita? Nadhifu akanieleza bila haya kwamba msimbo wake ni kilobaiti ishirini. Yeye huupima ukiwa umebanwa kwa programu ya kupunguza ukubwa wa faili, kama kawaida ya watu wote. Akauliza kwani mimi huwa siubani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Nimemkosea Shangazi, nami nimempelekea mabunda mawili ya sufu. Kayapokea mlangoni.

Kisha nikaibana yangu. Kilobaiti mbili! Bingwa! Nikamwandikia Nadhifu. Akajibu kwamba moja na nusu ndiyo ingekuwa habari.

Nimeufungua msimbo. Rangi kumi na sita! Za nini? Anayejua kuchora, nyeusi inamtosha.