Ndege wa Njano Mgongoni

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka Kigobe, bungeni, mgongo wangu ukiwa ushahidi. Niko saiba, kwenye kompyuta za kulipia hapa karibu na soko, nawaandikia, ndugu zangu, kabla umbeya wa mtaani kwetu Buyenzi haujawafikia huko Kigoma na Bruseli.

Kuna sheria inapendekezwa: vyama vya akiba visiweke pesa katika kampuni za nje zinazoshirikiana na majeshi. Nikasema hii ndiyo sheria! Mume wangu anachechemea tangu bomu lianguke uani kwetu. Vipande bado vimo pajani. Halafu pesa yetu ikatengeneze mengine? Thubutu!

Bunge likaita vyama vitoe maoni. Chama chetu cha akiba cha washonaji kikanituma mimi. (Mdomo ninao, sikatai.) Kwenda mbele ya wakubwa bila sare ni aibu, kwa hiyo tukavaa kitenge tulicho nacho wote: kile cha ndege wa njano, zawadi ya kampuni ya pampu za maji tulikonunua hisa. Mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu wanunue. Mimi ndiye niliyeshona pia. Na fundi anayejiheshimu hamkati ndege kichwa: kila gauni nimemweka mzima katikati ya mgongo, mabawa kutoka bega hadi bega.

Nikasimama. Nikafoka! "Banyakubahwa, waheshimiwa, batu banakufa! Mutu anaweka franga yake mu kampuni ya silaha, huyo njo anatuua!" Makofi! Nikanogewa. Nikawapa wabunge mgongo, nikiwanyooshea mkono wenzangu waliokaa nyuma yangu. "Muangalie hawa bamama!" Nao wakasimama, wakageuka kuwapungia watu wa viti vya nyuma. Migongo yote ikaelekea mbele.

Makofi yakakatika.

Mbunge mmoja mwenye miwani, ndiye aliyeandika hiyo sheria, akaniita kwa Kiswahili cha mtaani kwetu ili kila mtu aelewe (asante sana).

"Mama, iyo ndege ya ku mugongo, munaijua?"

"Ni ya kampuni ya pompe, Nyakubahwa. Batu bazuri. Balitupatia iki kitenge, kado."

"Na hii?"

Akainua picha kubwa. Helikopta ya kivita, mabomu yamening'inia chini. Mkiani, ndege wa njano. Mabawa yaleyale!

"Pompe ni kazi yabo ya hapa," akasema. "Kwabo banatengeneza hii."

Hadija, mwenyekiti wetu, akapaza sauti: "Zaituni! We si ulituambia iko kampuni ya maji?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hasira nayo, jamani! Watu wanakuja na tabasamu na kitambaa, tunawapa akiba zetu, halafu tunawatembezea tangazo lao bure! Machozi yakanitoka.

"Basi sisi njo ba kwanza kutoka mu iyo kampuni," nikasema. "Mupitishe iyo sheria!"

"Leo leo," Hadija akaongeza, bila kunitazama.

Nikakimbilia chooni nigeuze gauni ndani nje, angalau nirudi Buyenzi na heshima kidogo. Kumbe kitenge kizuri hakina upande wa ndani. Ndege yuleyule, njano ileile. Nimevuka naye mji mzima, na hapa saiba watu wanamwangalia badala ya kuangalia kompyuta zao.

Mngecheka, najua. Ila nyumbani bado sijafika. Kitambaa kilichobaki nilimshonea mume wangu shati, na asubuhi nilimwacha amelivaa, anajisifu kwenye kioo. Kwa hiyo tafadhali, asicheke mtu mpaka nimemvua.