Vita vya Boneti ya Mama Mkwe

Enyi mliokaa na enyi mlioegemea, wekeni chini vikombe, zimeni redio, na mwenye kukohoa akohoe sasa hivi, kwa maana nawasimulia siku ile kuu ambayo Fundi Rangi, Mnyoosha Mabati, Mwenye Mkono Usiotetemeka, alitoka peke yake kwenda kupambana na boneti moja ya gari dogo la bluu.

Boneti ya nani? Ya mama mkwe wake! Kwa miaka kumi na mmoja mama yule hakumwamini mkwewe hata kwa kubadilisha balbu, na kila alipomtaja alimwita "huyo bwana". Sasa alikuwa ametamka mbele ya binti yake: "Boneti tu kwanza. Iking'aa, nitampa gari zima. Ikitoka kama sufuria iliyoungua, basi, asiliguse tena gari langu."

Rangi ya bluu ikapigwa pale pale uwanjani kwa mama mkwe, ikakauka. Shujaa akasimama mbele ya makopo mawili ya vanishi kama mfalme mbele ya majemadari wawili. La kwanza hukauka kwa dakika kumi, vumbi lisipate nafasi, ila mng'ao wake hufifia. La pili hutandaa vizuri na kung'aa ajabu, lakini hubaki bichi nusu saa nzima, na kila kipeperukacho duniani hutua juu yake.

"Leo sitaki salama, nataka mng'ao!" akanguruma, akalitwaa la pili.

"Baba watoto, una hakika?" mkewe akauliza dirishani. "Mama yupo leo."

"Mke wangu, niletee kitambaa cha ushindi!"

"Kipi? Kile ulichofutia grisi jana?"

Akapewa kisafi. Akachanganya vanishi vipimo viwili na kikaushi kipimo kimoja, akavaa barakoa, kompresa ikanguruma, naye akainua bunduki yake ya kupulizia. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la vanishi, ukapita mwembamba. Akangoja hadi vanishi iliyodondokea karatasi ya pembeni ilipoanza kunata kidoleni, ndipo akapiga mkono wa pili, mzito, kila mpigo ukifunika nusu ya uliotangulia. Boneti ikalowa, ikameremeta.

Mara, nyuma ya nyumba: chwa! chwa! chwa!

Alikuwa mama mkwe na fagio lake refu, anafagia uwanja kuja upande huu, na wingu la vumbi limemtangulia. Jamani, nani mwenye ubavu wa kumwambia mama mkwe aache kufagia kwake? Shujaa aliyewahi kunyoosha lori lililopinduka alikimbia akasimama mbele ya fagio. Akavua barakoa, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unanizibia njia?"

"Mama, mlezi wa mke wangu, mwenye uwanja usiojua unyasi! Nimesimama mbele yako mnyonge..."

"Unataka kunikataza kufagia?"

"Mungu apishe mbali! Naomba msaada. Vumbi hili limenishinda, mama. Hapa hakuna anayeliweza ila wewe. Ningepata mtu wa kulinyunyizia maji..."

Mama mkwe akampima kutoka unyayoni hadi utosini. Fagio likalazwa chini.

"Ndoo iko wapi?"

Ikawa nusu saa ya utawala wake. Alinyunyiza maji kwa mbali, alifukuza kuku wawili, alimzuia jirani aliyetaka kukung'uta mkeka, na nzi mmoja alitukanwa mpaka akahama mtaa. Fundi akasimama kando, roho mkononi, hathubutu hata kupiga chafya.

Muda ulipotimia, mama mkwe akainama juu ya boneti. Akageuza uso kushoto. Akageuza kulia. Kisha, polepole, akaurudisha ndani ya mtandio unywele mmoja wa mvi uliokuwa umechomoza.

"Hm. Kesho anza na milango, mwanangu."

Na iandikwe, enyi waandishi, kwa wino usiofutika, kwamba saa tisa na robo mchana neno hilo la "mwanangu" lilitamkwa waziwazi mbele ya shahidi aliyekuwa dirishani, na kwamba Mwenye Mkono Usiotetemeka aligeukia ukutani akafuta macho, akisingizia harufu ya vanishi.